Mgeni Aliyekaa Pembeni

Tarehe 10 Mei 1927, wanawake sita wa kiwanda cha Hawthorne waliondolewa kwenye ukumbi mkubwa wa kazi wakahamishiwa chumba kidogo kilichotengwa kwa ajili yao. Kiwanda hicho kilikuwa Cicero, mji unaopakana na Chicago, na kilimilikiwa na Western Electric, kampuni iliyotengeneza sehemu kubwa ya vifaa vya simu vya Marekani. Watano kati ya wanawake hao walikuwa mafundi wa kuunga rilei, swichi ndogo za umeme zinazofungua na kufunga njia ya simu. Wa sita kazi yake ilikuwa kuwapangia vipuri. Rilei moja ilikuwa na vipuri vipatavyo 35, na fundi mwenye mkono mwepesi aliimaliza kwa dakika moja hivi, akashika nyingine, na nyingine tena, kutwa nzima.

Katika chumba kipya kila rilei iliyokamilika ilidondoshwa kwenye kijimfereji kilichokuwa mbele ya fundi. Ilipokuwa ikiteremka, ilitoboa tundu kwenye utepe wa karatasi uliokuwa ukisogea taratibu. Kila fundi alikuwa na mstari wake wa matundu, na ukiusoma utepe ule jioni ungejua nani alianza kwa kasi asubuhi, nani alilegea baada ya chakula, nani alisimama dakika tatu bila sababu iliyoandikwa. Chumbani humohumo aliketi Homer Hibarger, mtu wa idara ya ufundi, na daftari lake. Aliandika hali ya hewa, mazungumzo, nani kanuna, nani kalala saa ngapi usiku uliopita.

Jambo moja wanawake hawa hawakuambiwa. Kwa muda wa majuma mawili kabla ya kuhamishwa, walipokuwa bado kwenye ukumbi wa zamani, kazi yao ilihesabiwa kimyakimya. Watafiti walitaka kujua mtu anatoa rilei ngapi akiwa hajui kwamba anahesabiwa. Kwa hiyo tangu mwanzo waliosimamia jaribio walishuku kwamba kule kujua tu kunaweza kubadilisha kazi. Shaka hiyo walikuwa wameipata kwenye majaribio ya taa.

Majaribio ya taa yalianza mwaka 1924. Kampuni za umeme za Marekani zilikuwa na bidhaa ya kuuza, na zilitaka ushahidi kwamba kiwanda chenye mwanga mwingi hutoa kazi nyingi. Baraza la Taifa la Utafiti likaunda kamati, profesa Dugald Jackson wa chuo cha MIT akaiongoza, na Hawthorne kikachaguliwa kuwa mahali pa kupimia. Kilikuwa kiwanda kikubwa mno: mwishoni mwa miaka ya 1920 kilifikia kuajiri watu wapatao 40,000. Kilikuwa pia kiwanda kilichozoea kuwashughulikia wafanyakazi wake hata nje ya saa za kazi, kwa michezo, masomo ya jioni na matembezi. Watu wa Chicago hawajasahau mojawapo ya matembezi hayo. Julai 1915 meli Eastland, iliyokodiwa kuwapeleka wafanyakazi wa Western Electric na familia zao kwenye mandari, ilipinduka ikiwa bado imefungwa gatini mtoni, katikati ya jiji, wakafa watu 844.

Taa ziliongezwa, na kazi ikaongezeka. Ila iliongezeka pia kwa kundi la kulinganishia, ambalo taa zake hazikuguswa. Wakazipunguza, na kazi haikushuka kama ilivyotarajiwa. Hibarger aliwachukua wafanyakazi wawili akawapunguzia mwanga hatua kwa hatua mpaka ukabaki kama wa mbalamwezi, na bado waliendelea na kazi yao. Kuna pia kisa cha balbu. Mafundi walimwona fundi wa umeme akipanda ngazi, akitoa balbu na kuweka nyingine, wakasema mwanga sasa ni mzuri zaidi. Balbu mpya zilikuwa na nguvu ileile ya zile zilizotolewa.

Wenye kampuni za umeme hawakupata walichokitaka, wakaondoka. Wasimamizi wa kiwanda, hasa mhandisi George Pennock, walibaki na fumbo: kama si taa, ni nini? Ndipo kikaja chumba cha rilei.

Mpango wao ulikuwa kubadilisha jambo moja baada ya jingine na kuangalia utepe. Kwanza walibadilisha malipo. Zamani mapato ya kila mmoja yalitegemea kazi ya kundi la watu wapatao mia. Sasa yangetegemea kazi ya watu hao wachache tu. Kisha wakaleta mapumziko: mara mbili kwa siku ya dakika tano, halafu ya dakika kumi, halafu mara sita ya dakika tano, ambayo mafundi waliyalalamikia kwa kuwa yaliwakatiza kila mkono ulipokolea. Baadaye kikaja kifungua kinywa cha asubuhi kwa gharama ya kampuni, halafu kutoka kazini nusu saa mapema, halafu saa nzima, halafu Jumamosi bila kazi. Kwa ujumla kazi ilipanda. Septemba 1928 wakaondoa yote, wakawarudisha kwenye saa ndefu za mwanzo bila mapumziko kwa majuma kumi na mawili. Jumla ya rilei kwa wiki ikapanda kuliko wakati wowote uliotangulia.

Hiki ndicho kisa kilichosimuliwa duniani kote kwa miaka arobaini. Msimuliaji wake mkuu alikuwa Elton Mayo, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, aliyefika kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Mayo aliona pale kile alichokuwa akikitafuta: mfanyakazi si mashine ya kutafuta pesa, ni kiumbe anayetaka kusikilizwa, na wanawake sita walikuwa wamegeuka kundi lenye moyo mmoja kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyewajali. Kisa ni kizuri, na hakikosi ukweli. Lakini ukikikaribia utaona mambo ambayo msimulizi alipita juu yake haraka.

Angalia kwanza yale majuma kumi na mawili ya ajabu. Jumla ilipanda kwa sababu saa za kazi ziliongezeka tena. Kasi kwa saa ilishuka. Halafu angalia mtu aliyekaa na daftari. Katika ukumbi wa zamani kulikuwa na nyapara aliyepita nyuma ya migongo, na kuzungumza kazini lilikuwa kosa. Hibarger hakukemea. Alisikiliza, akatania, akawauliza maoni yao kabla ya kila badiliko, na wakati mwingine waliitwa ofisini kwa Pennock kushauriwa. Kila baada ya wiki kadhaa walipelekwa kupimwa afya. Mwanzoni waliliogopa jambo hilo, mpaka walipoanza kuandaliwa aiskrimu na keki baada ya vipimo, na likageuka karamu. Sasa, huyu ni mtazamaji? Amechukua nafasi ya nyapara. Kilichopimwa chumbani mle hakikuwa athari ya kutazamwa peke yake. Kulikuwa na msimamizi mpya mpole, malipo mapya, wenzao wachache wa karibu, na sauti kidogo katika mambo yao, vyote kwa mpigo.

Upole huo nao ulikuwa na mpaka. Wawili kati ya mafundi watano walizungumza na kucheka kuliko walivyotakiwa, na kazi yao haikupanda. Walikumbushwa, wakaonywa, ingawa walikuwa wameelezwa tangu mwanzo kwamba wafanye kazi wanavyojisikia. Januari 1928 waliondolewa, wakarudishwa ukumbini. Mahali pao waliletwa wengine wawili, mmoja wao binti wa familia ya Kiitalia aliyekuwa akiitegemeza familia yake, mwenye mikono ya haraka na asiyewavumilia wazembe. Baada ya kuingia kwake mstari wa matundu ukapanda vizuri. Msomi wa Australia Alex Carey alilivalia njuga jambo hili katika makala ya mwaka 1967. Unawatoa wavivu, unawaleta wenye bidii, unabadilisha malipo, kisha unatangaza kwamba kilicholeta ushindi ni urafiki? Carey aliandika kwa hasira, na hasira yake ilimfaa.

Watafiti wenyewe walikuwa wameipima pesa kidogo. Walichukua mafundi wengine watano wa rilei, wakawaacha ukumbini palepale na nyapara wao yuleyule, wakawapa tu malipo ya kundi dogo. Kazi yao ilipanda kwa takriban asilimia 13 mara moja. Jaribio likakatishwa baada ya wiki chache, kwa kuwa wenzao ukumbini waliona wivu. Kazi ya chumba cha rilei ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 30; kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa mfukoni mwa wafanyakazi, na tangu hapo wanatakwimu wanabishana ni sehemu gani.

Chumba kingine cha Hawthorne hakisimuliwi sana, nami nakiona kuwa chenye mafunzo zaidi. Novemba 1931, mdororo wa uchumi ukiwa umekikaba kiwanda, watafiti waliwaweka wanaume 14 katika chumba chao: tisa wa kufunga nyaya kwenye mitambo ya kuunganishia simu, watatu wa kulehemu, wawili wakaguzi. Mshauri wao safari hii alikuwa W. Lloyd Warner, mwanaanthropolojia aliyekuwa ameishi miaka michache na wenyeji wa kaskazini mwa Australia akijifunza undugu na desturi zao. Warner aliwaambia wakitazame chumba kama mtu anavyokitazama kijiji ambacho hajawahi kufika. Wasibadilishe chochote, wasijaribu kitu. Wakae tu, waone watu wanaishije na kazi yao.

Masharti ya mtazamaji yaliwekwa wazi. Asitoe amri. Asikubali kuwa mwamuzi wa ugomvi. Asidadisi kupita kiasi, asiandike mbele yao kwa namna itakayowashtua, asipeleke neno la chumbani kwa wakubwa. Mwenzake aliyekuwa akiwahoji alifanya kazi hiyo nje ya chumba, kando. Malipo hayakuguswa.

Siku za mwanzo wanaume wale walikaa kama watoto wa shule mkaguzi anapokuja. Sauti zilikuwa chini, kila mtu kwenye sehemu yake, macho kwenye nyaya. Walikuwa nao wanatazama. Walimpima yule mtu wa mezani: anamwandikia nani? Akiona kosa anafanya nini? Wiki zikapita, makosa madogomadogo yakafanyika mbele yake, na hakuna aliyeitwa ofisini. Ndipo chumba kikarudi kuwa chumba. Mfunga nyaya na mwenye kulehemu wakabadilishana kazi, jambo lililokatazwa na sheria za kiwanda. Wakacheza kamari ndogondogo, wakabishana juu ya madirisha, wakataniana kwa lakabu.

Hapo mtazamaji akaona kitu ambacho wakubwa wasingekiona. Wanaume wale walikuwa na kipimo chao cha kazi ya siku, mitambo miwili, karibu viungo 6,600, na hawakutaka mtu akivuke. Walioweza kuvuka walilegeza mkono mchana. Aliyeshikilia mwendo alipigwa ngumi ya mkono wa juu, mara moja, kwa nguvu, naye akawa na haki ya kurudisha moja. Kisha kazi ikaendelea. Waliofanya zaidi waliitwa kwa jina baya, waliofanya pungufu kwa jina jingine, na jina baya kupita yote aliwekewa mpeleka habari kwa wakubwa. Hesabu waliyompa msimamizi ililainishwa: kazi ya ziada ya leo iliwekwa akiba ya kesho, ili kila siku ifanane na nyingine. Sababu waliyoitoa ni kwamba tukionyesha tunaweza zaidi, bei ya kipande itashushwa au wenzetu watafukuzwa. Mwaka 1932, katika mji uliojaa watu wasio na kazi, hawakuwa wajinga.

Weka vyumba viwili sambamba. Katika cha kwanza kazi ilipanda, katika cha pili ilikaa palepale. Vyote vilikuwa na mtu na daftari. Kama kutazamwa kungekuwa na nguvu yake ya peke yake, kama joto linavyotanua chuma, chumba cha pili kingeionyesha. Wanawake wa rilei walisoma kwa mtazamaji wao kwamba kuongeza kazi kunalipa na hakutawadhuru. Wanaume wa nyaya walisoma kwamba huyu hawezi kuwalinda bei ya kipande ikishuka, lakini pia hatawashtaki, basi wakaishi mbele yake kama walivyokuwa wakiishi. Mei 1932 kazi ilikauka na chumba kikafungwa.

Hayo yote yaliandikwa kwa urefu na Fritz Roethlisberger wa Harvard na William Dickson wa kiwandani katika kitabu kilichotoka mwaka 1939. Ni kitabu kinene, na vitabu vinene hufupishwa na watu ambao hawakuvimaliza. Mwaka 1953 mwanasaikolojia John French, akiandika juu ya majaribio yanayofanywa nje ya maabara, alitumia maneno "athari ya Hawthorne", na jina likanata. Likaingia kwenye vitabu vya kiada vya saikolojia, uongozi, ualimu na uuguzi, likiwa na maana moja nyepesi: watu wakijua wanachunguzwa hufanya vizuri zaidi. Chumba cha nyaya kikasahauliwa. Taa zikakumbukwa kuliko vyote, ingawa ripoti yake kamili haikuwahi kuchapishwa, na takwimu zake zikadhaniwa zimepotea.

Hazikuwa zimepotea. Wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Steven Levitt na John List, walizipata kwenye hifadhi za maktaba, wakazichambua upya na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kwanza waliangalia siku. Wahandisi walikuwa wakibadilisha taa Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo mwanga mpya ulianza Jumatatu, na kazi yake ikalinganishwa na ya Jumamosi. Lakini Jumatatu kazi hupanda hata taa zisipoguswa, kwa kuwa watu wametoka kupumzika. Mkurupuko wa ajabu uliosimuliwa kwa miongo mingi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, Jumatatu. Walichobaki nacho ni dalili hafifu tu kwamba majaribio yenyewe yaliwachangamsha wafanyakazi.

Kwa hiyo jina lilibaki, na kisa kilicholizaa kikabomoka. Kiwanda nacho kilifungwa mwaka 1983 na kubomolewa. Mnara wake mmoja bado umesimama, maduka yakiwa pembeni. Ungedhani habari imeishia hapo. Lakini athari yenyewe, ile iliyokosekana ilikozaliwa, ilikuja kupimwa barabara mahali pengine kabisa, na kazi iliyopimwa haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ya udaktari, mkoani Arusha.

Mwanauchumi Kenneth Leonard wa Chuo Kikuu cha Maryland na Melkiory Masatu wa kituo cha elimu ya afya cha CEDHA mjini Arusha walikuwa wakichunguza ubora wa matibabu katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za mkoa ule. Njia yao haikuwa ngeni: mtu wa timu anaketi ndani ya chumba cha daktari na kuweka alama kwenye orodha. Neno daktari nalitumia hapa kama linavyotumiwa na mgonjwa. Wengi wa waliokaa upande ule wa meza walikuwa matabibu na madaktari wasaidizi. Mama ameingia na mtoto mwenye homa. Daktari ameuliza homa ilianza lini? Ameuliza kama mtoto anakohoa, anatapika, anaharisha, amepata degedege? Amempima joto? Ametazama macho kama damu imepungua? Amekunja shingo yake taratibu kuona kama imekaza? Amemweleza mama ugonjwa ni nini na dawa inatumiwaje? Kila swali lina jibu la ndiyo au hapana, na mwongozo wa matibabu unasema lipi lilipaswa kufanywa.

Walipozipanga takwimu zao waliona mteremko. Mgonjwa wa kwanza mbele ya mtazamaji alihudumiwa vizuri kuliko wa tano, wa tano kuliko wa kumi. Mtafiti mwingine angesema daktari anachoka kadiri siku inavyokwenda, akafunga faili. Inawezekana pia. Ili kujua, walihitaji kitu ambacho hakuna orodha ya mtazamaji inayoweza kukitoa, yaani habari za chumba kabla mtazamaji hajaingia.

Hawthorne walihesabu kwa siri. Zahanati huwezi kufanya hivyo. Huwezi kujificha nyuma ya pazia la mgonjwa. Walichofanya Leonard na Masatu ni kumuuliza aliyekuwamo. Wagonjwa waliokwisha kuonana na daktari asubuhi ile kabla timu haijafika walihojiwa, na waliofuata baada ya timu kufika wakahojiwa kwa maswali yaleyale: alikuuliza umeanza kuumwa lini? Alikugusa tumbo? Alikusikiliza kifua? Alikwambia una nini? Mgonjwa si shahidi kamili, husahau na huchanganya. Lakini husahau vilevile kabla ya mgeni na baada ya mgeni, kwa hiyo tofauti kati ya nyakati mbili haiwezi kuletwa na usahaulifu wake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Kwa ushahidi wa wagonjwa, kabla ya timu kufika ubora ulikuwa sawasawa, mgonjwa baada ya mgonjwa, bila dalili ya daktari kuchoka. Timu ilipoingia uliruka kwa alama 13 za asilimia palepale. Kisha ukaanza kushuka, taratibu, mfululizo, na kati ya mgonjwa wa kumi na wa kumi na tano mambo yakawa yamerudi yalivyokuwa kabla mgeni hajabisha hodi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mkoani Arusha msemo huo ulipata takwimu, na waliopona, tuseme, walikuwa wale waliobahatika kuwa mbele ya foleni.

Kwa nini mgonjwa wa kumi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Utafiti haukuingia kichwani mwa daktari, lakini ukikumbuka chumba cha nyaya utaona mwendo unaofanana. Daktari anamsoma mtu aliyeketi kwenye kiti cha pembeni. Naye ni mwenye taaluma, anajua kilichopaswa kuulizwa. Huenda ndiyo maana mkono unakwenda kwenye kipimajoto. Nusu saa inapita. Mgeni haguni, haulizi, hatikisi kichwa. Anaweka alama tu. Nje benchi limejaa, mtoto analia, muuguzi anachungulia mlangoni. Kidogokidogo mwenye macho ya kuogopwa anakuwa kama fanicha, na desturi ya chumba inarudi. Kilichowachukua wanaume wa Cicero wiki kadhaa, hapa kilichukua asubuhi moja.

Kwa mpima ubora hii ni habari ngumu. Wizara, shirika au mfadhili anayetuma mtu kukaa zahanati kwa saa mbili na kurudi na fomu zilizojaa amepima kitu, ila amepima huduma ya kwanza mbele ya mgeni. Nchi tajiri hazijaepuka. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walitumia mitambo iliyohesabu kila mkono uliobonyeza dawa ya kunawia wodini; pale wakaguzi walipoonekana, mikono ilinawiwa takriban mara tatu zaidi kuliko pale wasipoonekana. Wengine wameamua kumficha mtazamaji kabisa. Jijini Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu waliofundishwa kuigiza dalili za kifua kikuu, pumu na maumivu ya moyo walipanga foleni kama wagonjwa wengine, wakaandika baadaye walivyohudumiwa. Njia hiyo inakata mzizi wa tatizo, ingawa ina gharama yake: huwezi kuigiza mtoto mwenye homa, na daktari anaandika cheti cha mtu asiyeumwa huku wanaoumwa wakisubiri.

Leonard na Masatu hawakujaribu kuiondoa athari ile. Katika makala waliyoitoa mwaka 2010 waliigeuza kipimo. Hoja yao ni hii: daktari hawezi kujifunza udaktari katika dakika ambayo mtafiti anavuta kiti. Alichokifanya mbele ya mgonjwa wa kwanza alikuwa anakijua jana, juzi na mwaka jana. Kwa hiyo urefu wa ule mruko ni pengo kati ya anachokiweza na anachokifanya, lililopimwa kwa daktari yuleyule, katika chumba kilekile, kwa dawa na vifaa vilevile. Kwa muda mrefu jibu la kila mtu juu ya matibabu duni vijijini lilikuwa semina: wafundisheni tena. Takwimu za Arusha zilionyesha kwamba sehemu ya tatizo haikuwa ya kufundishwa. Maarifa yalikuwamo chumbani.

Na pengo hilo halikulingana kila mahali. Baadhi ya taasisi zilizoendesha vituo vya afya zilikuwa na madaktari waliofanya kazi karibu na uwezo wao wote, timu iwepo isiwepo, na mtafiti alipoingia hapakuwa na mengi ya kuongeza. Wengine walikuwa na mafunzo yaleyale na wagonjwa wa aina ileile, na bado walisubiri hodi ya mgeni. Tofauti ilikuwa kwa aliyewaajiri, na kwa namna kituo kilivyompa daktari sababu ya kuuliza swali la pili siku ambayo kiti cha pembeni ni kitupu.